Ukuta wa Skola

Asubuhi ile Scholastica alipigana na kifungo cha juu cha sweta mpaka kikamshinda, akakaa ukingoni mwa kitanda akimsubiri mama yake aje kumfungia. Mwanamke mzima, jamani, aliyewahi kushona magauni ya maharusi wa Lushoto mjini, anafungwa sweta kama mtoto wa chekechea! Lakini ndiyo hali. Baridi yabisi ilikuwa imemkalia kwenye vifundo vya vidole, viwikoni na magotini tangu enzi za cherehani, na ikiamua kuamka haimwulizi mtu ratiba yake. Safari hii iliamka na kipupwe, ikamlaza.

"Vidole vinasemaje leo?" mama yake alimwuliza huku akimfungia.

"Vinasema nirudi kitandani."

"Basi visikilize."

"Nimevisikiliza mwezi mzima, mama. Nimechoka kuvisikiliza."

Mama Skola alimtazama binti yake kuanzia kofia ya sufu mpaka soksi mbili mbili, akaguna. "Na unavaa viatu uende wapi na ukungu wote huu?"

"Kuuona ukuta wangu."

"Ukuta utakimbia? Kesho wewe na Anord mna safari ya parokiani. Padre anataka kuwaandika, Jumapili ndoa itangazwe. Ukifika pale umekunja uso kwa maumivu, watu watasema tumekulazimisha."

"Watasema hata nikicheka, mama. Nauona tu, narudi."

"Haya. Mwambie Anord akurudishe. Kilima usikipande peke yako."

Nyumba ya Anord haikuwa mbali kwa mtu mwenye magoti mazima. Kwa Skola ilikuwa safari. Alishuka kwa ubavu, mguu wa kushoto kwanza, akapumzika penye miti ya miwati, akashuka tena. Kila aliyekutana naye alimpa pole. Watu wengine pale kijijini Rangwi huamkiwa "onga mshi", wakaulizwa habari za mahindi, za mbuzi, za nduguze walioko Tanga. Skola, tangu augue, huamkiwa kwa pole tu. Pole asubuhi, pole kanisani, pole dukani anaponunua chumvi. Anajibu "nimeshapoa" huku kifuani akitamani mtu mmoja tu amwulize habari ya mbuzi.

Pale kijitoni alimkuta Mama Shukrani, jirani wa Anord, ameingia majini na mabuti ya mpira akizikanyaga karoti kwenye gunia ili udongo utoke.

"Skola! Umeamka mwanangu? Pole!"

"Shikamoo mama. Nimeshapoa."

"Marahaba. Unakwenda kwa mwenzio? Nenda, nenda! Ukifika utafurahi mwenyewe. Mimi sisemi kitu."

Aliposema hasemi, uso wake wote ulikuwa unasema. Skola akacheka kidogo, akapita.

Sasa tuuzungumzie huo ukuta, maana asiyeujua atasema binti wa watu alikuwa na deko. Anord, fundi seremala, alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye mteremko wa marehemu baba yake ili amwoe Skola. Mama yake Anord alipoiona imeezekwa, akatoa sharti mbele ya mashangazi. Katika ukoo wao, alisema, mke husiriba mwenyewe ukuta wa sebule, kwa mikono yake, ndipo nyumba inamjua. "Siyo kwamba namkataa mtoto wa watu," alisema, na kila aliyekuwepo akaelewa kwamba anamkataa. Alijua vizuri ile mikono ilivyo.

Anord alitaka kugomba. Skola akamzuia. "Nitausiriba," alisema.

Basi akawa anakwenda na kigoda chake siku ambazo mwili unamruhusu. Alichekecha udongo mwekundu uliochimbwa kingoni mwa barabara, akapata mweupe bondeni na wa manjano nyuma ya zizi. Mweusi aliutoa kwenye masizi ya chungu. Alivikoroga na uji wa muhogo ili vishike. Mwiko wa fundi ulimshinda siku ya kwanza, akatumia kiganja, na baadaye brashi aliyoiviringishia mpira wa tyubu ya baiskeli ili mpini unenepe, vidole visilazimike kujikunja sana. Siku hiyo ya kwanza alipaka ukanda mmoja tu mwekundu, upana wa pindo la kanga, mkono ukakataa. Siku iliyofuata aliamka vibaya. Akapaka mweusi, mwembamba, kwa hasira. Aliporudi nyumbani ndipo alipogundua kwamba muda wote ule alipokuwa anapaka hakuwa amevikumbuka vidole vyake.

Hapo ndipo kusiriba kulipoisha na kuchora kukaanza. Kila alipokwenda alipaka siku yake kama mwili ulivyoamka. Manjano, mwekundu, masizi, mpana, mwembamba. Kanda zikapanda ukutani, zikapinda kufuata dirisha, kama matuta ya kabichi yanavyopinda kufuata kilima. Hakupona, uongo wa nini? Vidonge vilikuwa vilevile na asubuhi zilikuwa zilezile. Lakini jioni alikuwa analala. Alikuwa na mahali pa kuyaweka yale maumivu, akayaacha huko, akarudi kwao mwepesi.

Na Anord? Anord aliutazama ukuta akasema "kazi nzuri", kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa aliyekunywa vijiko viwili vya uji. Hakuuliza kitu. Skola naye hakueleza. Alikuwa anasubiri aulizwe.

Alipofika mlangoni alimkuta Anord amepiga magoti akikaza bawaba ya dirisha. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Akageuka, wakatazamana, na moyo wa Skola, pamoja na uchovu wake wote, ukaruka. Mwanaume huyu ana macho ya kumsahaulisha mtu alichokuja kukifanya. Skola hakuwahi kuyazoea.

"Umekuja mwenyewe? Kwa nini hukunipigia nikufuate?"

"Nilitaka kutembea."

"Na magoti je? Umemeza dawa? Umekula?"

"Anord, nisalimie kwanza."

Akacheka, akaweka bisibisi chini. "Onga mshi, mke wangu wa kesho kutwa."

"Onga mshi."

"Fumba macho."

"Kuna nini?"

"Fumba tu. Niamini."

Akafumba. Anord akamshika kiwiko, taratibu, kwa kuwa alijua vidole havishikwi. Skola akasikia harufu ya jasho na mninga, na nyuma yake harufu nyingine ya udongo mbichi. Akaingizwa ndani, akageuzwa.

"Haya, fumbua."

Mbele yake palikuwa na ukuta mweupe. Mweupe wote, laini, kuanzia darini mpaka karibu na sakafu, na chini yake mkanda mweusi ulionyooka kama waufanyavyo kwenye nyumba za watu waangalifu. Hata kingo za dirisha zilikuwa zimelainishwa. Bado ulikuwa na unyevu.

"Umeuonaje?" Anord aliuliza. Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Uko wapi?"

"Nini?"

"Ukuta wangu."

"Si huu hapa!" Akacheka. "Jumanne tulifanya msaragambo, Skola. Laiti ungeona! Mama Shukrani alikuja na wenzake, Kristian wa kwaya na vijana wenzake wakabeba maji, wengine wakachekecha. Mpaka jioni kazi imekwisha. Sasa huna deni na mtu. Kesho tukitoka kwa padre, mashangazi wakiingia hapa hawana la kusema."

Watu wa kule wana moyo huo, na mtu asiwatukane kwa ajili yake. Shamba la mgonjwa halioti majani. Ukilazwa, utasikia majembe shambani kwako kabla hujaomba, na mahindi ya kina Skola wenyewe yaliwahi kupaliliwa hivyohivyo. Ni upendo mtupu. Ndiyo sababu Skola alisimama pale ameduwaa, hajui amkasirikie nani.

"Na michoro yangu mliifanyaje?"

"Ile mistari? Tuliikwangua kwanza ili udongo mpya ushike, tukasiriba juu."

"Mliikwangua."

"Ilikuwa haijalingana, mpenzi. Huku nyekundu, huku nyeusi. Watu walisema..."

"Walisema nini?"

"Basi, achana nayo."

"Sema, Anord."

"Walisema ugonjwa umeonekana mpaka ukutani."

"Na walisema kweli!" Skola alisema, sauti ikampanda mwenyewe bila kutaka. "Walau wao waliona! Ndicho kilichokuwa pale, Anord. Ugonjwa wangu ulikuwa pale. Unaukumbuka ule mweusi mwembamba karibu na mlango?"

"Naukumbuka."

"Siku ile nilishindwa kushika kikombe. Mama alininywesha chai. Na wa manjano juu yake, ambao haukufika mwisho? Nilikuja, nikapaka mpaka katikati, goti likanigomea. Na ule mwekundu mpana chini ya dirisha?"

Akaonyesha pale kwa kiwiko.

"Ni siku uliyoniletea kiti. Kile chenye mikono ya juu ili nisihangaike kuinuka. Sikuumwa siku ile kutwa nzima. Nilipaka mpaka nikaimba. Nao mmeukwangua."

"Skola..." Tabasamu lilikuwa limemtoka kabisa. "Mimi nilidhani unahangaika na sharti la mama. Kila ukiondoka hapa nautazama nasema, anaumia bure. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuuliza? Unaniuliza kila kitu, Anord. Umekula, umemeza dawa, umevaa soksi, umelala saa ngapi. Siku zote hizo nimekaa hapa na masizi mpaka puani, hukuniuliza hata mara moja nachora nini."

"Niliogopa kukuchosha."

"Nimechoka tayari! Nimechoka na watu wanaoogopa kunichosha!"

Kelele ile ilimmaliza nguvu. Akatafuta ukuta wa kuegemea, akakumbuka kwamba mbele yake ni ule mbichi, akabaki amesimama katikati ya chumba. Anord akanyoosha mkono. Skola akausukuma kwa kiwiko.

Hapo Anord naye akapandwa. Ni mpole, lakini mpole pia ana mwisho wake.

"Wewe unadhani ni wewe peke yako uliyechoka?" alisema. "Mimi kila siku niko kwenye kesi. Mama analia. Mashangazi wananiita faragha wananiambia: Anord, wasichana wote wa huku Shume na Malindi umewakosa? Nikiwa kwenye randa mtu anakuja kunipa pole, kana kwamba nimefiwa! Nakutetea asubuhi, nakutetea jioni. Nilitaka siku moja tu waingie humu ndani wakose cha kusema. Moja tu!"

"Kwa hiyo ulinionea aibu."

"Niliogopa wao watakuonea aibu."

"Ukawatangulia."

Neno lile lilimwingia. Nje ng'ombe alilia mara moja.

"Sijui kama kesho nakwenda," Skola alisema polepole.

"Unasema nini?"

"Kwa padre. Sijui kama nakwenda."

"Skola, wewe! Kwa ajili ya udongo?"

Loo! Laiti angeumeza ulimi wake. Aliposema tu alitamani kulirudisha lile neno. Skola alimtazama, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu alipofumbua macho yakaanza kushuka yenyewe, bila kwikwi. Hata kuyafuta ilikuwa kazi.

Mlango wa nyuma ukasukumwa. Aliingia Mama Anord, mwanamke mrefu aliyevaa sweta la kiume juu ya kitenge, na ungo wa maharage mabichi kiunoni. Alikuwa anamenya nyuma ya nyumba muda wote huo.

"Shikamoo mama," Skola alisema, akijifuta kwa bega.

"Marahaba. Hamjui kwamba sauti zinatoka nje?"

"Mama, msaidie kuelewa," Anord alisema kwa kukata tamaa. "Si wewe ndiye uliyesema lazima nyumba isiribwe?"

"Nilisema aisiribe mwenyewe." Mama Anord aliweka ungo juu ya benchi la useremala. "Na Jumanne ulipoingia hapa na watu wako na ndoo zao, nilikwambia nini?"

Anord akainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe. Nilikwambia nini?"

"Ulisema tusiguse."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba wewe humpendi, ndiyo maana hutaki asaidiwe."

"Sikunywa hata togwa yenu. Nilikwenda kukaa kwa dada yangu mpaka mlipoondoka."

Katika watu wote wa Rangwi, huyu ndiye wa mwisho ambaye Skola angemtegemea.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi nilidhani uliweka lile sharti ili nishindwe."

"Niliweka ili ushindwe," Mama Anord akajibu bila kupepesa macho. "Nikufiche ili iweje? Nina mtoto mmoja wa kiume na shamba lililoning'inia kilimani. Hivyo vidonge vyako nasikia mpaka daktari akuachishe kwanza ndipo unaweza kubeba mimba, na akikuachisha viungo vinaweza kukuwakia upya. Nimeyalilia hayo kanisani mpaka katekista akaniuliza nimefiwa na nani. Nilitaka ushindwe mwenyewe, urudi kwenu kwa hiari, mwanangu asinilaumu."

"Mama!" Anord alisema.

"Nyamaza, nazungumza na mwenzangu." Akamgeukia tena Skola. "Ukishaondoka, nilikuwa nakuja kutazama kama umeshindwa. Kila nikija, umeongeza. Siku nyingine umeongeza kitu hata hakionekani, mpaka nisogee nipapase kwa kidole. Naondoka hapa nimenuna. Nasema, huyu mtoto ana nini? Mtu mwenye mikono mizima angeshaukimbia."

"Uliionaje michoro yangu?" Skola aliuliza.

"Mimi sijui michoro. Niliona mtu yuko kazini. Na mtu akiwa kazini kwake hapokonywi, awe mzima, awe mgonjwa. Mimi nilipoisiriba nyumba ya baba yake huyu nilikuwa na homa ya malaria, mama mkwe wangu akaja na maji, nikamfukuza." Akauchukua ungo wake. "Bado sikutaki sana, usije ukadhani nimegeuka leo. Lakini walikukosea. Na huyu amekukosea zaidi."

Akatoka. Walimsikia akiketi tena nje, maganda ya maharage yakaanza kupasuka.

Anord alisimama kama mtu aliyepigwa. Kisha ghafla akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akachomoa patasi, akausogelea ukuta.

"Naukwangua wote. Nautoa huu weupe sasa hivi."

"Acha."

"Hapana, nautoa."

"Anord, acha. Chini yake hakuna kitu."

Patasi ilikuwa imeshafanya mkwaruzo mmoja. Akatazama pale alipokwaruza. Udongo wa kawaida, wa matofali. Akaishusha mikono.

"Nifanye nini, Skola? Niambie nifanye nini. Chochote. Nitafanya."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo. Kila mara unataka cha kufanya."

Skola aliketi kwenye kigoda chake, ambacho watu wa msaragambo walikuwa wamekisukumia pembeni. Kuketi kulimchukua muda. Anord akamsubiri, asijue aangalie wapi.

"Nisikilize," alisema alipotulia. "Ninakupenda. Nikikuona tu mlangoni, nikiwa nimechoka hivi hivi, nasikia raha. Lakini huu ugonjwa hauishi. Daktari ameniambia, nami nimekwambia, ila nadhani hukusikia. Unadhani ni shamba lililoota majani, tukija wengi na majembe jioni limekwisha. Hauishi, Anord. Kuna asubuhi utaniona nimelala, na hutakuwa na cha kufanya. Hakuna fundi wa kuita. Utakaa nami tu. Unaweza?"

"Naweza."

"Umejibu haraka mno."

Safari hii Anord alijipa muda, akikuna nyusi, vumbi la mbao likimdondokea shavuni.

"Sijui," alisema hatimaye.

"Afadhali." Na Skola alihisi, ajabu, kwamba neno hilo moja limemfariji kuliko msaragambo wote. "Kesho siendi kwa padre."

"Skola, tafadhali..."

"Sijasema siendi kabisa. Nimesema kesho. Nitaanza upya, juu ya huo weupe wenu. Nikifika juu, mimi mwenyewe nitakufuata kwenye randa nikwambie vaa shati tuondoke."

"Utachukua muda gani?"

"Sijui. Kipupwe hiki chote. Labda mpaka mahindi mengine. Nikiugua tena, zaidi."

"Na watu niwaambie nini? Kwenu, mashangazi, padre?"

"Waambie bibi harusi anasiriba nyumba yake."

Anord akavuta pumzi. Aliutazama ule ukuta mweupe, mpana, mrefu, na kwa mara ya kwanza alionekana kuupima kwa mikono ya mtu mwingine. Uso ukamlegea. Akaegemea benchi, akateleza polepole mpaka akakaa sakafuni.

"Na mimi nikichoka kusubiri?" aliuliza. Hakuwa anatisha. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Hapo ndipo tutakapoanza kuelewana."

Kisha Skola akainuka, kwa kujikaza, akaenda pembeni lilipokuwa beseni la udongo uliobaki. Lilikuwa zito, na vidole havikuweza kulikamata, akaliwekea mguu akaanza kulisukuma kuelekea ukutani, shibiri moja, akipumzika, shibiri nyingine, likikwaruza sakafu. Anord alianza kuinuka. Akafika nusu, magoti yamekunjika, mkono umeshanyooka. Kisha akakaa tena chini, akaiweka mikono yake mapajani, akamwacha alisukume.